Nimepokea, kwa Niaba

Kabla ya zamu napanda ngazi ya mbao na kitambaa kibichi,
nafuta jivu la Nyiragongo kwenye sahani ya paani, hapa Himbi.
Sahani yetu haiangalii mlima wala ziwa.
Inaangalia mahali patupu
ambapo kitu kimoja kimesimama, kilomita elfu thelathini na sita juu,
na kila neno la Goma sharti lipande huko kwanza
hata likiwa linakwenda Sake tu,
pale ambapo chukudu hufika kabla ya adhuhuri.

Kuuliza na kujibiwa: nusu sekunde.
Usicheke. Nusu sekunde ni ndefu.
Ndani yake watu wawili husema halo kwa pamoja,
hunyamaza kwa pamoja,
kisha huombana radhi kwa pamoja.

Saa mbili usiku njia hujaa.
Daktari anatuma picha ya mapafu,
wakala wa pesa anangoja namba sita za siri,
vijana wa Majengo wanavuta mpira wa jana,
na mtu mmoja, sijui nani, anapakua filamu nzima
kana kwamba mbingu ni shamba la baba yake.

Mwanzoni nilidhani dawa ni foleni ndefu:
panua kibaraza, kila mmoja apate pa kusubiri.
Nikapanua. Hakuna kilichopotea
na hakuna kilichofika kwa wakati wake.
Picha ya mapafu ilitua alfajiri, safi, kamili,
kitanda kikiwa kimeshatandikwa upya.

Siku hizi foleni yangu ni fupi.
Mapafu mbele, pesa nyuma yake, mpira baadaye.
Kinachozidi, naangusha.
Wasukuma chukudu wanajua: mteremko hausamehi gunia la ziada.

Lakini kuna ugonjwa mwingine, wa kimyakimya.
Mashine inayotuma hutuma kidogo,
hutega sikio isikie "nimepokea", ndipo huongeza.
Isiposikia upesi hudhani barabara imeziba.
Hupunguza. Hupunguza tena. Hunyata kama mtu apitaye msibani.
Kumbe barabara ni nyeupe.
Ni ndefu tu.

Fundi Lwanzo, aliyenifunza kazi, akaweka kisanduku mlangoni,
kisanduku kinachojibu "nimepokea" papo hapo,
kabla neno halijafika hata nusu ya anga.
"Si uongo huo?" nikamwuliza.
Akaendelea kukaza skrubu.
"Ni uongo wenye deni. Kisanduku hakitupi nakala
mpaka mwenyewe wa mbali aitike."

Jumanne, Kambale, mdogo wangu, alipanda lori la Walikale.
Jumatano, kimya.
Alhamisi mvua ilitoka ziwani ikakaa kati yetu na anga,
namba zikashuka moja moja kwenye kioo changu.
"Paluku," mama aliuliza, "hiyo mashine yako haina habari?"
Ugali wake ulipoa. Sombe ikashika ngozi juu.
Akawa anasema kidogo, kisha kidogo zaidi,
nikaitambua hatua ile ya msibani.

Nikasema: "Amefika, mama. Ameandika."

Akashusha pumzi. Akanawa mikono.
Akala, hata akaomba pilipili.

Sasa ni saa tisa usiku. Jenereta ya jirani imezimika.
Taa ndogo ya kijani inapepesa, inakoma, inapepesa.
Filamu ya yule mtu nimeiangusha mara nne
na bado anajaribu; namheshimu kidogo.
Upande wa pili wa ukuta mama anakoroma
usingizi niliomkopa.

Mimi ndimi kisanduku.
Nimeshika nakala ya mdogo wangu, nzima:
shati la michirizi, kicheko cha puani,
viatu vyangu alivyoondoka navyo bila kuniaga.
Hii siiangushi.

Mvua, sogea kidogo juu ya sahani.
Aitike mwenyewe.